Pazia la Chumba Namba Nne

Nimepewa siku saba nijieleze. Barua imeletwa na tarishi, na nimeisainia mara tatu: kwamba nimeipokea, kwamba nimeisoma, na kwamba nimeshtuka. Kosa langu limeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari: KUONGEZA KISANDUKU KATIKA FOMU YA SERIKALI BILA KIBALI.

Sikatai. Kisanduku nimekichora mimi, kwa kalamu ya wino na rula ya ofisi, na rula nimeirudisha. Lakini kwa kuwa Kamati ya Nidhamu imetaka maelezo "kamili na ya kina", basi nitayatoa hivyo hivyo, hata kama mtasinzia. Naitwa Habakuki Lweno, Afisa Maelezo ya Picha Daraja la Tatu, Makumbusho Makuu ya Jamhuri. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiandika yale maneno madogo yanayobandikwa chini ya picha, ambayo wageni huyapita bila kuyasoma wakitafuta choo. Jina la nchi yetu sitaliandika hapa, kwa sababu linabadilishwa wiki ijayo na karatasi zenye jina jipya bado zimekwama bandarini.

*

Mambo yalianza vizuri, kama yanavyoanza mambo yetu yote. Mafundi waliokwenda kuziba bomba katika ghala la chini la Wizara ya Kumbukumbu na Mambo Yaliyopita walikuta makasha mawili nyuma ya viti vibovu. Kasha la kwanza lilikuwa na michoro ya kuchapwa ya miaka mia na hamsini iliyopita, iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba na wageni waliopita hapa wakiumwa homa. La pili lilikuwa na picha za marehemu Pantaleo Msuha, mpigapicha wa serikali, ambaye kwa miaka thelathini alitumwa kuwapiga picha viongozi na, akishawapiga, alikuwa akigeuza kamera upande wa pili na kuwapiga watu. Jumla zilikuwa themanini na tano. Mkurugenzi wetu, Dakta Kanuti Mpangile, alizitazama siku nzima, akavua miwani, akasema, "Lweno, hapa tuna maonyesho." Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Tulizitundika Chumba Namba Nne. Maelezo niliyoyaandika yalikwenda kwenye Kamati ya Maelezo, yakarudi yamenyooshwa. Kuna mchoro mmoja unaoonyesha mji wetu una milima miwili nyuma yake. Milima hiyo haipo, mchoraji aliitia kwa homa zake. Wizara ya Ardhi ilipoona mchoro iliandika barua ya kuuliza milima hiyo kapewa nani, na wapimaji walitumwa wiki tatu kuitafuta.

Iliyotusumbua zaidi ni picha namba 85, ya mwisho ukutani. Wanaume kumi na mmoja wamekaa chini ya ukuta mrefu wa udongo, wanakula, makoleo yako pembeni. Hapo ni Mfereji Mkuu. Sasa, ninyi mnajua na mimi najua kwamba Mfereji Mkuu ulichimbwa karibu miaka sabini iliyopita, ukaporomoka, na haukuwahi kupitisha hata kikombe cha maji. Ila msimamo wa serikali ni kwamba mfereji huo bado uko kwenye upembuzi yakinifu. Mfereji ambao haujachimbwa hauwezi kuporomoka, na usipoporomoka hauwezi kumfukia mtu. Kwa hiyo maelezo yangu, "Wachimbaji wa Mfereji Mkuu wakila chakula cha mchana", yalirudi yakisomeka: "Wananchi wakifurahia mandhari ya bonde la asili."

Nyuma ya picha ile Msuha alikuwa ameandika kwa penseli majina yote kumi na moja na vijiji vyao. Kanuni inasema mtu akitambulika pichani, ndugu zake waandikiwe. Niliandika barua kumi na moja. Kumi zilirudi zilivyokwenda. Ya kumi na moja ilirudi na mtu.

*

Alikuwa mama wa miaka sabini na mmoja, mwembamba, kanga zimepigwa pasi, barua yangu imekunjwa mara nne ndani ya kiganja. Alisimama mbele ya meza yangu, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha mkono wa kulia, kichwa kakiinamisha upande ili anitazame kwa jicho la kushoto. La kulia lilikuwa jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyeandika kwamba Mfaume Ngalaba yuko hapa?"

"Picha yake, mama. Wa tatu kutoka kushoto."

"Ni baba yangu. Mimi naitwa Mwajabu. Alikwenda kuchimba nikiwa na miaka miwili, hakurudi, na sijapata kumwona hata kwenye karatasi. Mama alikuwa akisema nimemchukua baba. Basi, hapo hapo anakomea. Ukimuuliza nimechukua nini, pua, paji, nini, anageuka anachochea moto. Kafa hajaniambia."

Nilimpa kiti, akakataa, akasema amezoea kusimama hivyo hivyo. "Ingawa mama alikuwa ananichapa mkono huu," akacheka. "Nikishika kiwiko tu, paa! Acha hiyo, utaniletea mkosi nyumbani! Mpaka leo sijui kiwiko kina mkosi gani."

Kisha alieleza shida yake. Ana presha ya macho. Jicho la kulia limeshazima, na la kushoto, daktari kasema, likijitahidi sana litafika mwisho wa mwaka. Ulikuwa mwezi wa kwanza. "Sitaki maonyesho, mwanangu. Maonyesho waachie wenye macho mawili. Mimi nataka nusu dakika nimwone baba yangu."

Chumba Namba Nne kilikuwa hatua kumi na nane kutoka mezani kwangu. Nimezihesabu.

Lakini mbele ya picha kulikuwa na pazia la kijani, la ukuta mzima, limetiwa lakiri pembe zote nne. Kanuni ya Kumi na Mbili iko wazi: picha ambayo haijafunguliwa na mgeni rasmi si picha, ni kifaa, na mwananchi haruhusiwi kutazama kifaa. Nilimweleza hivyo kwa sauti ya upole niliyofundishwa kwenye semina.

"Na huyo mgeni rasmi anakuja lini?"

"Alhamisi, mama. Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Kathibitisha."

"Alhamisi si mbali," akasema, na akaenda zake amefurahi.

*

Alhamisi ilifika. Hema lilifungwa, viti vikavishwa vitambaa, bendi ya polisi ikapuliza tarumbeta tangu saa mbili asubuhi. Bi. Mwajabu alikaa safu ya tatu. Saa saba kasoro ilifika gari, na akashuka bwana mmoja mnene ambaye hakuna aliyemfahamu. Alikuwa mkaguzi wa nyama wa wilaya. Alieleza kwamba Mheshimiwa Waziri alitamani sana kuwa nasi ila ametingwa, akamtuma Naibu wake, ambaye naye ametingwa, akamtuma Katibu Mkuu, na hivyo hivyo kushuka ngazi, mpaka kazi ikamkuta yeye machinjioni.

Alisoma hotuba vizuri, hata maneno ya kwenye mabano. "Ndugu wananchi, picha ni jambo muhimu. Taifa lisilo na picha ni taifa ambalo, kwa kweli, halina picha. Ngoja makofi. Serikali yangu inawajali waliotutangulia kuliko walivyojijali wenyewe. Tazama kulia, tabasamu." Tulipiga makofi na yeye akatabasamu kulia.

Mwishoni alimwuliza Mkurugenzi, "Kamba yenyewe ni ipi?"

Mkurugenzi alikohoa. Kanuni ya Kumi na Mbili, kifungu kidogo cha tatu: mwakilishi anaweza kusoma, kula na kupigwa picha, lakini hawezi kuvuta kamba. Mkaguzi wa nyama alishusha mkono. Tulikula pilau, tukaahirisha mpaka Mheshimiwa apate nafasi.

Bi. Mwajabu alinifuata nyuma ya hema. "Mwanangu, watu wote hawa wamekuja kuona pazia?"

"Ni utaratibu, mama."

Mnisamehe, lakini neno hilo nililitumia sana mwaka ule. Nikilisikia sasa meno yanauma.

*

Mpigapicha wa wizara alikuwepo, na hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanzia. Kuna waraka unaosema kila shughuli ya Mheshimiwa, awepo asiwepo, itoe picha kumi na mbili, na picha hizo zitundikwe mahali shughuli ilipofanyika ndani ya siku kumi na nne. Mahali ni Chumba Namba Nne. Misumari ni themanini na mitano, na misumari mipya huombwa mwaka unaotangulia.

"Toa kumi na mbili za mwanzo," akasema Mkurugenzi, bila kunitazama usoni. Alikuwa mtu mzuri, Dakta Mpangile, na alibakiza miezi kumi na tisa astaafu.

Tuliingia nyuma ya pazia watu watatu, kama kanuni inavyotaka: mimi, mtunza stoo, na mlinzi wetu Nyamizi akiwa na tochi. Tuliitoa bandari ya zamani, soko la zamani na mji wenye milima. Tukatundika mkaguzi wa nyama akishuka garini, mkaguzi wa nyama akisalimiana, mkaguzi wa nyama akinywa maji, na nyingine tisa za namna hiyo. Kisha tukafunga pazia, tukatia lakiri upya. Naomba Kamati ielewe kwamba picha hizo nazo hakuna aliyeruhusiwa kuziona, maana na zenyewe zilikuwa bado hazijafunguliwa.

Kabla hatujatoka, Nyamizi alimulika picha namba 85. Wa tatu kutoka kushoto alinitazama. Simu yangu ilikuwa mfuko wa shati.

Mnaijua sheria. Kupiga picha kifaa kisichofunguliwa ni kuvujisha, na anayevujisha anafukuzwa bila kiinua mgongo. Nilifunga kifungo cha mfuko, nikatoka.

*

Mwezi wa tatu tulifungua tena. Alikuja daktari wa meno kwa niaba. Mwezi wa tano alikuja mwalimu mkuu wa shule ya ufundi wa seremala, naye akaisifu kamba. Kila mara picha kumi na mbili mpya, na kila mara kumi na mbili za zamani zinashuka kwenda stoo, ambako panya wetu nao wana mapenzi yao ya historia. Michoro yote iliisha. Zikaanza kushuka picha za Msuha: foleni ya chanjo, wapagazi wa katani, akina mama wakivunja mawe ya barabara huku watoto wamelala kivulini. Kila nikitundika nilihesabu zilizobaki kufikia 85.

Bi. Mwajabu hakukosa hata mara moja. Safu ya tatu, kanga zilezile, kiwiko kimeshikwa. Mpigapicha hakuwa na hila naye, ila kila alipompiga mwakilishi, yule mama alikuwemo nyuma yake.

Mwezi wa sita nilidhani nimepata upenyo. Nilikumbuka Fomu Namba Tisa, Ombi la Ndugu Kutazama Taswira ya Marehemu Kabla ya Ufunguzi. Tuliijaza pamoja vizuri, mpaka kipengele cha viambatisho.

"Soma," akasema.

"Ambatanisha picha mbili za marehemu, ili kamati ilinganishe na kuthibitisha kwamba aliye pichani ndiye."

"Picha za nani?"

"Za baba yako, mama."

"Ningekuwa nazo ningekuja hapa kufanya nini?"

Niliendelea kusoma, kwa sababu nikishika karatasi siwezi kuacha katikati. "Ziwe za rangi, nyuma pawe bluu, na zisiwe zimepigwa zaidi ya miezi sita iliyopita."

"Miezi sita!" Alipiga kofi mezani. "Sasa hapo nimpeleke studio na sanda yake? Hata hiyo sanda hakuipata! Mwanangu, hawa watu wanaoandika fomu wana mama zao kweli?"

Fomu ilirudi baada ya wiki tisa. Pembeni waliandika: *Haina viambatisho. Mwombaji awe makini.*

*

Ufunguzi wa sita ulikuwa mwezi wa kumi. Siku ile, kabla sherehe haijaanza, aliomba nimsogeze karibu na pazia. Alilishika ncha.

"Ni kijani au jeusi?"

"Kijani, mama."

"Haya."

Nilirudi ofisini nikafunga mlango. Nilikuwa na hasira mpaka nikalipiga teke kapu la karatasi, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi, maana kila mtu niliyemfikiria alikuwa akifuata utaratibu, na wa kwanza wao ni mimi. Wiki iliyofuata tuliingia tena nyuma ya pazia. Nyamizi alishika tochi ikamulika namba 85 pale pale, hakuiondoa. "Bwana Lweno," akasema, "mimi sioni kitu, nina vumbi machoni." Mtunza stoo aligeukia ukuta. Walinipa nafasi wote wawili. Nilitoa simu. Nikaitazama. Nikafikiri kuhusu kiinua mgongo, nikairudisha.

Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa ufunguzi wa saba. Alikuja msaidizi wa msaidizi wa mkaguzi wa nyama. Bi. Mwajabu aliletwa na jirani yake, Bi. Chausiku, kashikwa mkono. Hotuba ilipokwisha na bendi kunyamaza, alinigeukia.

"Wameshafungua?"

Pazia lilikuwa mbele ya uso wake, hatua moja.

"Bado, mama," nikasema.

"Basi hakuna haraka tena," akasema. "Wasijisumbue."

*

Saba mara kumi na mbili ni themanini na nne. Nyuma ya pazia ilibaki picha moja ya zamani, na ufunguzi wa nane ungeishusha. Haukufanyika. Mwezi wa tatu wa mwaka huu Mheshimiwa Waziri alikuta kwenye gazeti la wizara picha za sherehe saba, akaja juu: maonyesho gani hayo yanafunguliwa mara saba? Wasaidizi wake walimtuliza kwa waraka. Ninao hapa, nanukuu: "Maonyesho ya Chumba Namba Nne yahesabiwe kuwa yalifunguliwa rasmi tangu Alhamisi ile ya kwanza, na yamekuwa wazi kwa umma muda wote. Mwananchi yeyote ambaye hakuyaona asilaumu serikali, bali ajiulize alikuwa wapi."

Alikuwa safu ya tatu. Nataka iandikwe mahali fulani, hata kama ni humu tu.

Pazia lilishushwa na fundi bomba, bila tarumbeta. Niliagiza Bi. Mwajabu aitwe. Alikuja na Bi. Chausiku, nikamsimamisha mbele ya picha namba 85, nikamgeuza mabega taratibu mpaka alipotazamana nayo.

"Niko mbele yake?"

"Uko mbele yake."

"Haya, nisomee umeandikaje."

Nilisoma. "Wananchi wakifurahia mandhari ya bonde la asili."

"Si hayo," akasema. "Yako."

Basi nilisema. Sikuandika, nilisema tu. Nilimwambia ni wachimbaji, ni saa sita mchana, wana udongo mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia wa kwanza anacheka na wa pili anamnyang'anya kitoweo. Nilimwambia baba yake ni kijana, hajafika thelathini, amemaliza kula, sahani iko chini. Nikatafuta pua, nikatafuta paji, nikawa nahangaika, maana pua ni pua. Nikageuka ukutani kuwatazama wale wakaguzi wa nyama na madaktari wa meno, na nyuma yao kwenye kila picha, yeye. Mara themanini na nne. Hapo ndipo nilipoona.

"Mama, kashika kiwiko."

"Nani?"

"Baba yako. Wenzake wote mikono iko magotini. Yeye mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia."

Polepole alitazama chini, kama bado anaona, kwenye mkono wake mwenyewe, ambao ulikuwa umeshika kiwiko tangu alipoingia.

"Kumbe," akasema. Kisha tena, "Kumbe, mama. Ndiyo maana ulikuwa unanichapa." Na akalia kwa sauti mle chumbani, Bi. Chausiku naye akalia, na Nyamizi mlangoni alisema ana vumbi.

*

Sasa nafika kwenye kosa. Kanuni inataka kila mtazamaji ajaze fomu kabla ya kutoka. Swali ni moja: *Je, umeridhika na ulichokiona?* Visanduku ni vitatu. Nimeridhika. Nimeridhika sana. Nimeridhika kupita kiasi. Nilimsomea vyote.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, mama."

"Nilichokiona," akarudia. Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. "Basi andika unachojua wewe, mwanangu."

Nilichukua rula, nikachora kisanduku cha nne, nikaandika HAPANA, akaweka dole gumba.

Barua yenu inauliza nani alinituma, na kama nina lolote la kuongeza. Hakuna aliyenituma. La kuongeza ninalo. Kisanduku si kosa langu, ingawa adhabu yake nitaipokea. Niliingia nyuma ya pazia mara saba, mara sita kati ya hizo yule mama akiwa bado anaona, na kila mara simu ilikuwa mfukoni na ina chaji. Barua yenu ina kurasa nne na hilo hamkuniuliza.